Tangu mama arudi Korogwe, nyumba nzima ni mimi na mtoto

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27, naishi Goba, Dar es Salaam, ila kwetu ni Korogwe. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Kongo kupitia Tunduma. Akiondoka ni wiki tatu, foleni ikiwa mbaya hata mwezi. Akirudi anakaa siku tatu au nne, na zote anadaiwa usingizi. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, ana miezi minne.

Mama alikuja kunihudumia uzazi, akakaa mpaka arobaini na wiki mbili za nyongeza, kisha akarudi shambani kwake. Siku alipoondoka sikulia. Nimeanza kulia baadaye, na sasa naweza kulia kwa sababu tu maziwa yamechemka yakamwagikia jikoni.

Kabla ya uzazi nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kutwa watu, kelele, utani wa mafundi. Niliacha mimba ilipofika miezi saba maana kusimama kulinishinda. Sasa tumepanga ndani ya geti, na wapangaji wenzetu wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Siku nzima inaweza kupita sijaongea na mtu mzima zaidi ya kusema "nipe mchicha fungu moja". Kibaya zaidi ni kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili. Mtoto anasumbua, giza linaingia, na umeme ukikatika ndio kabisa. Usiku nikimnyonyesha nashika simu, nashtukia saa nane. Niliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, na humo watoto wote wanalala usiku kucha. Nikitoka humo najiona mzembe.

Mume akipiga namwambia tuko salama. Nitamwambia nini, naye yuko barabarani na mzigo wa watu? Nilimdokeza wifi yangu akasema, "Una mume anayeleta, una mtoto mzima, wenzako wanavitafuta hivyo kwa waganga. Wewe unataka nini?" Mama mkwe anataka nimpelekee mtoto Morogoro akae naye mpaka atembee, mimi nitafute kazi. Mama yangu anasema nirudi Korogwe.

Jingine naona aibu kuliandika. Nampenda mwanangu, lakini namkumbuka yule mimi wa dukani. Nilipanga kusoma cheti cha uhasibu (kidato cha nne nilipata C moja na D tano), nikaanza kuweka ada kidogo kidogo. Daftari la akiba hiyo nimelisukuma chini ya kabati nisilione. Je, ninaumwa, au ni uvivu? Na nianze lini kujijenga, au nisubiri mtoto akue?

Mama Nuru, Goba

JIBU

Marahaba, Mama Nuru.

Uvivu uondoe kabisa kwenye hesabu. Yaliyobaki ni matatu, na kwako yanaweza kuwa yamechanganyika: mwili uliochoka, upweke, na pengine sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Tunaanza na yanayopimika. Ukianza kuhangaikia upweke huku damu iko chini, utajikokota kwenda kwa watu, utarudi hoi, kisha utasema watu hawakusaidii.

Wiki hii nenda kwenye zahanati unakompeleka mtoto kliniki, uombe kupimwa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Dalili zake zinafanana mno na ulizoandika: uchovu usioisha kwa kulala, machozi ya karibu, kukosa hamu ya lolote. Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, usivimeze na chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Meza kwa maji au juisi ya machungwa, chai ije baada ya saa moja au zaidi. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kama pia moyo unakwenda mbio bila sababu, mikono inatetemeka, au unasikia baridi wenzako wakiona joto, mtajie daktari hayo kwa majina yake. Tezi ya shingo huvurugika kwa baadhi ya wanawake ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na mara nyingi wanaambiwa wana stresi.

Sasa sonona. Yale machozi ya kawaida ya mzazi huanza siku chache baada ya kujifungua na huisha ndani ya wiki mbili. Wewe uko mwezi wa nne, kwa hiyo siyo hayo. Sonona ya uzazi inaweza kuanza wakati wowote katika mwaka wa kwanza. Jiulize mambo mawili kuhusu wiki mbili zilizopita: siku nyingi nimekuwa na huzuni au nimekata tamaa? Siku nyingi nimekosa hamu hata ya vitu nilivyokuwa navipenda? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mwambie muuguzi na uombe kipimo cha maswali 10 cha Edinburgh. Kilichapishwa mwaka 1987 na kinatumika nchi nyingi, hata kwa Kiswahili. Kinauliza kuhusu siku saba zilizopita, na kila swali lina alama 0 hadi 3. Ukifikisha 13 au zaidi, unahitaji kuonwa na mtaalamu. Ukiwa kati ya 10 na 12, pima tena baada ya wiki mbili. Swali la kumi linahusu kujidhuru. Hilo ukijibu chochote zaidi ya "hapana kamwe", unazungumza na mhudumu siku hiyo hiyo, hata kama jumla ni ndogo.

Kuna njia ya kujipima nyumbani, ambayo haichukui nafasi ya daktari lakini husaidia. Upweke mtupu hupungua mtu akija. Mama yako akipiga simu, au mume akiingia na begi lake, unachangamka hata kwa nusu saa? Kama ndiyo, sehemu kubwa ni upweke. Kama unakaa nao na ule uzito uko palepale, usiishie kwenye ushauri wa gazetini. Hospitali za rufaa kama Mwananyamala zina kliniki ya afya ya akili. Zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia, sertraline ni mojawapo, kwa hiyo usikimbie kwa hofu ya kuachishwa kunyonyesha.

Hukuandika hivyo, lakini lazima tuliseme. Ukianza kufikiri kwamba mtoto angekuwa salama zaidi usipokuwepo, ukasikia sauti, au ukakaa siku mbili bila usingizi na bila hata kuuhitaji, usilale peke yako na mtoto usiku huo. Gonga mlango wa mpangaji yeyote, mwambie hivyo hivyo, mwende hospitali. Watu watakaokwambia ni mapepo wanakucheleweshea matibabu.

Haya, upweke wenyewe. Wengi wakisikia mama yuko mpweke humwambia atoke, achanganyike, aende kwenye sherehe. Ushauri huo humshinda mama wa mtoto mchanga, na sababu iko wazi: sherehe ya Jumamosi haimgusi mtu anayezama Jumanne saa kumi na moja jioni. Wewe umetuandikia saa kabisa, na hiyo ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote kwenye barua yako. Usihangaike kutafuta marafiki wengi. Tafuta mtu yule yule, saa ile ile, siku zile zile, angalau mara tatu kwa wiki. Urafiki utakuja au hautakuja. Kinachotakiwa kwanza ni kwamba saa kumi ikifika, unajua unakwenda wapi.

Uende kwa nani? Majirani zako wa ndani ya geti hawakufai, kwa kuwa hawapo. Tafuta mwanamke mwenye kazi ya kukaa sehemu moja hapo mtaani: fundi cherehani, msusi, muuza genge, anayekaanga mihogo. Hawa wana faida ambayo jirani wa kawaida hana. Kwao huhitaji kualikwa wala kuandaa nyumba, na ukiondoka ghafla kwa sababu mtoto amechafuka hakuna anayekasirika. Ila angalia saa za kazi yake. Muuza genge kuanzia saa kumi na moja anahudumia watu wanaotoka makazini, hawezi kukusikiliza, na utaona kama anakupuuza. Fundi cherehani saa hizo mara nyingi anamalizia pindo na vifungo, mikono ina kazi lakini masikio yako huru.

Mara ya kwanza nenda na kitu cha kufanya. Beba kanga ya kukunja upindo au nguo ya mtoto iliyochanika. Sema hivi: "Dada, mimi nakaa nyumba ile ya geti, jioni nakuwa peke yangu na huyu mtoto. Nikija kukaa hapa na kazi yangu nitakusumbua?" Wengi watavuta benchi. Keti upande usio na mwanga wa jua la machweo, mnyonyeshe hapo hapo chini ya kanga, ukae dakika 40, uondoke kabla hujachoka na kabla yeye hajaanza kufunga. Kosa la kwanza wanalofanya akina mama wapweke ni kumimina yote siku ya kwanza, kisha kuona haya kurudi. Siku ya kwanza zungumza habari za kitambaa. La pili ni kuaga kwa "tutaonana siku moja". Taja siku: "Alhamisi nitakuja." Na ukikuta mahali hapo mazungumzo yote ni ya kusengenya wapangaji, hama. Habari zako nazo zitasengenywa ukishaondoka.

Kliniki nayo usiiache. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimepita, ya surua inakuja miezi 9, na katikati hapo akina mama wengi hupotea. Lakini kupima uzito ni kila mwezi, na mtoto akifika miezi 6 anapewa matone ya vitamini A. Ukienda siku ile ile ya mwezi utakuta wale wale mnaolingana umri wa watoto. Chagua mmoja anayekaa upande wako, mrudi pamoja kwenye bajaji. Kundi la WhatsApp lizimie sauti. Chukua namba za wawili wanaosema ukweli humo, maana lazima wapo, uwaandikie pembeni. Na simu ya usiku iweke upande wa pili wa chumba. Kama unahitaji sauti wakati wa kunyonyesha, washa redio chini. Redio haikulinganishi na mtu.

Mume wako. Hapa tunatofautiana na wewe. "Tuko salama" inaonekana ni huruma, lakini inamfungia nje, kisha unamlaumu kimoyomoyo kwamba yuko nje. Dereva ana muda mrefu wa kukaa, hasa foleni ya mpakani. Asipigiwe akiwa anaendesha, mkubaliane kwamba akishaegesha anatuma neno moja, nawe unamtumia ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, atausikiliza mtandao ukikaa sawa. Ujumbe uwe na mambo matatu: kilichokuwa kigumu leo, alichofanya mtoto leo, na unachohitaji. Mfano: "Leo jioni nimelia. Nuru ameanza kucheka kwa sauti. Ukirudi naomba siku ya pili ukae naye kuanzia saa tatu mpaka saa sita, nilale." Siku ya kwanza ya kurudi mwachie usingizi wake, kwa kuwa safari ile si mchezo. Siku ya pili ni zamu yake. Wala usiite "kunisaidia", mtoto ni wake.

Kumpeleka mtoto Morogoro: hapana. Ana miezi minne, na maziwa ya mama peke yake ndiyo chakula chake mpaka miezi 6. Ukimtoa sasa utakuwa na matiti yaliyojaa, gharama ya kopo, na upweke ule ule ukiongezewa hatia. Mjibu bibi yake kwa heshima kwamba unamkaribisha yeye Goba wiki mbili. Korogwe inawezekana, kwa sharti moja: tarehe ya kurudi iwe imekatiwa tiketi kabla hujaondoka, wiki tatu au nne. Wanaokwenda "kupumzika kidogo" bila tarehe hukaa miezi, kisha wakirudi wanaanza upya na mtaa usiowajua.

Sasa lile daftari chini ya kabati. Litoe. Kumkumbuka yule wa dukani si kumkataa mtoto, na hakuna haja ya kusubiri akue, ila usianze na chuo. Kwa ufaulu wako mlango upo: kozi za cheti kwa kawaida huomba ufaulu wa masomo manne ukiondoa ya dini, nawe una sita. Kama hayo yote si ya dini, umevuka. Taasisi ya Uhasibu na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) zote ziko Dar. Lakini ukijiandikisha sasa, darasa la asubuhi litagombana na titi, utakosa majaribio, na ada iliyolipwa hairudi. Lenga mtoto akishapita mwaka mmoja, na miezi hii minane ifanye ya maandalizi.

Maandalizi yaingie kwenye usingizi wa mchana wa mtoto, wala usijidanganye kwamba utasoma usiku. Mtoto wa umri huo hulala mara tatu hivi mchana. Usingizi mmoja lala naye. Mmoja fanya kazi za nyumba. Mmoja ndio wako, dakika 25 za somo. Anza na uwekaji hesabu wa pande mbili, ambapo kila muamala unaandikwa mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, kwa sababu somo hilo hukatika bila kuharibika: unaingiza muamala mmoja, mtoto akiamka unafunga daftari, kesho unaendelea na unaofuata. Tumia hesabu halisi za nyumbani, yaani posho ya safari, kodi, luku, gesi, pampasi. Mwisho wa mwezi pande mbili zisipolingana, tafuta kosa mpaka ulipate. Mara nyingi ni tarakimu zilizogeuzwa, 540 ikaandikwa 450, na tofauti ya namna hiyo hugawanyika kwa 9. Keshia analijua hilo. Utashangaa mkono unavyokumbuka.

Ukishazoea, baada ya miezi miwili hivi, jiunge na kikoba cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Tunakisisitiza kwa sababu kinakidhi haja zako mbili kwa mkupuo: kinakutana kila wiki siku ile ile, watu wale wale, na karibu kila kikoba kinalia hakina mtu wa kuandika vitabu. Jitolee kuwa mtunza kumbukumbu. Huo ni uzoefu wa kuonyesha ukitafuta kazi, na ni sababu ya watu kuuliza uko wapi usipokuja. Kabla ya kutoa hata shilingi, kagua haya: kina katiba iliyoandikwa, kimesajiliwa (sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi hivi visajiliwe, ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata itakuelekeza), fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na kasha lina kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Anayelala na kasha hashiki ufunguo. Kikundi ambacho mwenyekiti ana kasha na funguo zote, pita mbali. Wewe nunua hisa za chini kabisa, na usikope mzunguko wa kwanza. Mkopo wa kikoba kwa mama asiye na kipato humletea wageni wa aina nyingine mlangoni.

Na wifi. Usibishane naye kuhusu unachotaka. Mpe kazi yenye saa: "Wifi, Jumamosi njoo saa nne ukae na Nuru mpaka saa sita, nina shughuli." Watu wengi wasioelewa maneno huelewa shughuli. Mwachie maziwa uliyokamua. Nawa mikono, weka kidole gumba na cha shahada upande huu na huu wa sehemu nyeusi, sentimita tatu hivi kutoka kwenye chuchu, sukuma nyuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, utajiumiza. Titi moja dakika tatu hadi tano, hamia la pili, rudi la kwanza, jumla dakika 20 hadi 30. Mara za mwanzo yanatoka kidogo, isikutishe. Kwenye friji yanakaa siku 4. Nje ya friji, kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, yanakaa saa 4, na kwa joto la Dar yatumike mapema zaidi ya hapo. Kama hutayaweka kwenye friji, yakamue asubuhi hiyo hiyo. Amnyweshe kwa kikombe kidogo safi, mtoto akiwa ameketi wima, kikombe kiguse mdomo wa chini na alambe mwenyewe, asimiminiwe. Chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Kitakachobaki kwenye kikombe, baada ya masaa mawili amwage.